Yosso Akichemsha Mshushe, Lakini Mshushie Wapi?

Huku Baltimore, Marekani, boksi nabeba, baridi inanipiga, na maisha yanasonga. Wiki hii naomba nikupeleke kwenye mchezo wa besiboli. Najua! Ushaanza kufungua ukurasa wa nyuma kutafuta habari za mastaa na ndoa zao. Tulia kwanza. Humu ndani kuna habari yako na yangu, sisi vijana ambao kila kukicha tunapandishwa kwenye mizani na kuambiwa hatujatimia kilo.

Swali langu ni moja tu. Kijana akipewa nafasi, halafu akachemsha mbele ya macho ya watu, afanywe nini? Wapo watakaosema, "Mwacheni, bado mtoto." Wapo watakaosema, "Mpigeni chini, wako wengi wanaosubiri." Mwaka 2024 mashabiki wa timu ya hapa, Baltimore Orioles, walibishana juu ya swali hilo mpaka mate yakawakauka. Mimi nilikuwa katikati yao, kwenye ghala tunalopakia mizigo, na nasema kweli, pande zote mbili zilikuwa zimesahau kitu kimoja kikubwa.

Lakini twende taratibu, nisije nikakuacha njiani.

Besiboli kwa kifupi iko hivi. Jamaa mmoja anarusha mpira mdogo, mgumu kama jiwe, na mwenzake wa timu nyingine amesimama na gongo (lile la mti, si lile la kunywa!) anajaribu kuupiga. Mpira unatoka mkononi mwa mrushaji kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa na zaidi, na mpigaji ana kama sekunde 0.4 tu za kuona, kuamua na kupiga. Ndiyo maana mchezo huu una hesabu za ajabu: mpigaji akifanikiwa mara 3 katika kila 10, huyo ni staa, analipwa mamilioni na watoto wanavaa jezi yake. Yaani anayeshindwa mara 7 katika 10 ndiye hodari! Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilicheka sana, nikasema kumbe mtihani wangu wa hesabu wa kidato cha nne ningeufanyia huku.

Sasa hawa Orioles, ambao jina lao ni la ndege mwenye rangi nyeusi na chungwa, mara ya mwisho kuwa mabingwa wa Marekani ilikuwa mwaka 1983. Wewe mnazi wa Simba au Yanga unayenuna ukikosa kombe misimu miwili, hebu jaribu kufikiria hiyo.

Mwaka 2018 mambo yaliharibika kabisa. Msimu una mechi 162, wao wakafungwa 115! Mwezi Julai mwaka huohuo wakamtoa staa wao mkubwa, Manny Machado, kwenda Los Angeles Dodgers, wakapewa vijana watano ambao mtaani hakuna aliyewajua. Novemba akaletwa bosi mpya, Mike Elias, kutoka Houston. Kule Houston walishaucheza mchezo huohuo: wakatoa wakubwa, wakakusanya yosso, wakavumilia kufungwa mechi 111 mwaka 2013, halafu mwaka 2017 wakachukua ubingwa. Ubingwa wenyewe uliingia doa baadaye, ilipobainika kwamba walikuwa wakiiba ishara za wapinzani kwa kutumia kamera, ila hiyo ni stori ya siku nyingine.

Ujanja wa kujenga timu upya uko hapa. Kila mwaka vijana wapya wanagawanywa kwa timu zote kwa zamu, wenyewe wanaita drafti. Kwa utaratibu wa miaka ile, timu iliyoburuza mkia ndiyo iliyochagua wa kwanza. Kwa hiyo ukifungwa sana unapata yosso mkali kuliko wote. Orioles walifungwa sana bwana! Mechi 108 mwaka 2019, na 110 mwaka 2021. Na mashabiki waliendelea kulipa viingilio wakiambiwa, "Subirini, vijana wanakuja."

Na kweli walikuja. Mwaka 2022 akaingia Adley Rutschman, yule waliyemchagua wa kwanza 2019, na timu ikaanza kunyanyuka. Mwaka 2023 ikashinda mechi 101. Mji ukarukwa na akili! Halafu kwenye mtoano wakatandikwa na Texas mechi tatu mfululizo, wakarudi nyumbani kimya kimya.

Ndipo macho yote yakahamia kwa mtoto mmoja aitwaye Jackson Holliday.

Huyu alichaguliwa wa kwanza Marekani nzima mwaka 2022, akiwa na miaka 18, katoka moja kwa moja shule ya sekondari huko Oklahoma. Kusaini tu alipewa dola milioni 8.19. Usijaribu kuzibadili kwa shilingi, kikokotoo kitaishiwa nafasi! Baba yake, Matt Holliday, naye alikuwa staa wa mchezo huohuo. Wataalamu wote wakasema huyu ndiye yosso namba moja katika nchi. Tarehe 10 Aprili 2024, akiwa na miaka 20, akapandishwa timu kubwa. Akapewa na jezi namba 7, ambayo haikuwa imevaliwa tangu enzi za Cal Ripken mkubwa, kocha anayeheshimiwa sana hapa mjini.

Basi bwana, akachemsha. Si kuchemsha kidogo, alichemsha ile mbaya! Katika zamu 34 za kupiga alifanikiwa mara 2 tu. Mara 18 alitolewa kwa mipira mitatu, anageuka na gongo lake begani kurudi benchi, uso umemshuka kama mtoto aliyepoteza hela ya shule.

Hapo sasa ndipo ghala letu lilipogeuka kijiwe.

Naomba nikutambulishe kwa wanakijiwe. Wa kwanza ni Babu, mzee mweusi aliyezaliwa hapahapa Baltimore, anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Babu aliona ule ubingwa wa 1983 kwa macho yake na hajaacha kuusimulia. Wa pili ni jamaa mmoja wa Jamhuri ya Dominika, mfupi, mwenye maneno mengi, ambaye kwao besiboli ni kama sisi na soka. Wa tatu ni msimamizi wetu, kijana wa Kizungu wa miaka thelathini na kitu, kofia ya Orioles haimtoki kichwani hata siku ya mvua. Halafu mimi, msichana wa kidato cha sita kutoka Dar niliyevushwa na bahati nasibu ya viza, naishi kwa shangazi. Na pembeni yangu dogo mmoja wa Kikongo kutoka Bukavu, miaka 19, tuliyeanza naye kazi siku moja mwezi Machi. Kiswahili chake na changu vilipigana chenga mwanzoni, lakini tukaelewana. Aliniita "yaya", ambalo kwao ni kaka au dada mkubwa.

Babu alikuwa upande wa kuvumilia. Kila siku saa ya chakula alirudia habari za New York mwaka 1951. "Willie Mays!" anasema huku akinyoosha kijiko. "Alikuwa na miaka 20. Zamu 12 za kwanza hakupata kitu. Ya 13 akapiga homurani, halafu akakwama tena. Kocha wake, Leo Durocher, akamwambia wewe ndiye mchezaji wangu, hukai benchi. Mwisho wa mwaka akawa chipukizi bora wa ligi! Wangemshusha yule, mngemwimba nani leo?"

Jamaa wa Dominika hakukubali. "Babu, mbona husemi ya Mickey Mantle? New York hiyohiyo, mwaka huohuo 1951, miaka 19. Yeye alishushwa, akapelekwa Kansas City ligi ndogo. Akataka mpaka kuacha mpira. Akarudi, akawa Mickey Mantle! Kumshusha mtoto si kumuua. Mnamwacha pale azomewe mpaka akili iharibike, halafu mnaita huo ni upendo?"

Halafu akaongeza lingine lililonigusa. "Kwetu watoto wanasaini wakiwa na miaka 16. Wakifika 19 wengi wameshatupiwa virago. Hakuna anayelia. Huyu wa milioni nane akikosa wiki mbili, mji mzima unafunga na kuomba!"

Msimamizi yeye alikuwa upande wa Babu, tena kwa sauti kubwa kuliko Babu. Alikuwa akipita na ubao wake wa kuandikia, anasimama, anasema: "Zamu 34 ni kitu gani? Huwezi kumhukumu mtu kwa zamu 34! Kijana anajifunza. Warushaji wameshaona udhaifu wake, naye ataona wa kwao. Mpeni muda." Na alijua anachosema. Ndivyo besiboli ilivyo: wiki ya kwanza wanakujaribu, wiki ya pili wanajua usichoweza, wiki ya tatu wanakupa hichohicho tu mpaka ujifunze au ufe.

Siku moja yule wa Dominika akamkumbushia Chris Davis. Huyu alikuwa mpigaji mkongwe wa Orioles, mwaka 2016 alisaini mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 161. Kati ya Septemba 2018 na Aprili 2019 alipita zamu 54 bila kupata hata moja. Zamu 54! Rekodi ya ligi nzima kwa wachezaji wasio warushaji. Akaendelea kupangwa. "Mzee mwenye mkataba zamu 54 yupo," akasema, "mtoto zamu 34 mnauliza aende au abaki. Uvumilivu wa bosi unakaa kwenye karatasi ya mkataba, rafiki zangu." Meza nzima ikanyamaza. Hata Babu alitafuna polepole.

Tarehe 26 Aprili 2024, siku ambayo nyinyi huko mlikuwa mnasherehekea miaka 60 ya Muungano, Orioles wakamshusha Holliday. Akarudishwa Norfolk, mji wa jimbo la Virginia, iliko timu yao ya daraja la juu la ligi ndogo. Siku 16 tu tangu apandishwe. Ghalani ilikuwa msiba. Msimamizi alivua kofia, akaiweka mezani, akasema, "Wamemuonea."

Sasa msomaji wangu, nikurudishe kwa dogo wa Bukavu.

Pale kazini kila mgeni ana siku tisini za kujaribiwa. Unapewa kifaa cha kusoma namba za maboksi, kimeandikwa Kiingereza kitupu, na kila saa kinahesabu umepanga mangapi. Hesabu yako inaonekana kwenye skrini ya msimamizi, na jina lako likiwa chini linakuwa jekundu. Jina la dogo lilikuwa jekundu kila siku ya Mungu. Si mvivu. Nguvu anazo kunishinda mimi na wewe tukiunganishwa. Tatizo alisoma kwa Kifaransa, na mpaka atafsiri lile neno kichwani, wenzake wameshapanga mawili. Mimi nilivuka kwa sababu Kiingereza cha sekondari kilinibeba. Sikuwa na mkono mwepesi kumzidi.

Lakini kitu kimoja: katika wiki zote zile, dogo hakuangusha boksi hata moja. Kulikuwa na kitengo cha kufungasha upya mizigo iliyopasuka, hatua kama arobaini kutoka tulipokuwa tunasimama. Pale hakuna mbio, panahitajika mkono wa taratibu na jicho. Kila mtu pale ghalani angekwambia kitengo kile kilimfaa dogo.

Wiki moja baada ya Holliday kushushwa, dogo akaitwa ofisini. Alipotoka alikuwa ameshavua kitambulisho. Kibarua kimeota nyasi. Alinitazama akasema kwa sauti ndogo, "Yaya, walisema mimi niko pole." Kwao "pole" ni mtu anayekwenda taratibu. Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, maana kwetu ndilo neno la kumpa mtu aliyefiwa.

Nikamfuata msimamizi. Nikamwambia, "Bosi, wiki iliyopita ulisema mtu hawezi kuhukumiwa kwa zamu 34. Huyu amekaa wiki ngapi?"

Akanijibu, "Ule ni mpira. Hii ni kazi."

Nikamwambia basi mhamishie kule kwenye mizigo iliyopasuka, ajifunze Kiingereza taratibu, baadaye umrudishe huku. Akasema mgeni hahamishwi kitengo kabla siku tisini hazijaisha, ndiyo sheria kutoka juu. Halafu akashusha sauti, akaongeza, "Na mimi nina namba zangu, unajua." Nikamwangalia vizuri. Alikuwa anasema kweli. Hata jina lake lilikuwa kwenye skrini ya mtu mwingine.

Babu alisikia yote. Hakusema kitu mchana ule, na habari za Willie Mays hatukuzisikia kwa siku kadhaa.

Usiku ule, ndani ya basi narudi kwa shangazi, ndipo nilipoona kile ambacho kijiwe chetu chote kilikisahau. Tulikuwa tunabishana kama Holliday abaki au ashushwe. Willie Mays alibaki, akawa gwiji. Mickey Mantle alishushwa, akawa gwiji. Wote wawili majina yao yamo kwenye ukumbi wa heshima wa mchezo huo. Kwa hiyo kubaki au kushuka si jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni kwamba wote walikuwa na mahali. Holliday aliposhushwa hakuanguka barabarani. Alikuta Norfolk: mshahara, kocha, uwanja, na mechi nyingine kesho yake ambapo akikosa hakuna mji mzima unaohesabu. Sisi tuliita kumuonea. Dogo wa Bukavu angepewa uonevu wa namna hiyo angeshukuru Mungu!

Sasa usifikiri nazisifia sana ligi ndogo za huku. Nako kuna mambo. Kabla ya makubaliano ya mwaka 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji, kijana wa daraja la chini kabisa alikuwa halipwi hata dola 5,000 kwa mwaka, na wa daraja la juu kama kule Norfolk kima chake cha chini kilikuwa dola 17,500, kisha kikapanda kuwa 35,800. Mwaka 2021 ligi ilipunguza timu ndogo mpaka zikabaki 120, na miji zaidi ya 40 ikapoteza timu zake. Tena mashabiki wana wasiwasi mwingine: mchezaji anakuwa chini ya timu yake kwa miaka 6 ya utumishi ligi kuu, na siku 172 zinahesabiwa mwaka mzima. Kwa hiyo timu ikimshusha kijana, watu wanauliza, ni kwa faida yake au wanachelewesha saa yake ili wamlipe kidogo? Jamaa wa Dominika alikuwa na jibu lake, sitaliandika gazetini.

Na si kila anayeshushwa anarudi. Kumbuka wale vijana watano waliokuja kwa ajili ya Machado. Aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Yusniel Díaz, na mwisho wa yote aliichezea Baltimore mechi moja tu ya ligi kuu, mwaka 2022. Katika walewale watano alikuwamo mrushaji Dean Kremer, ambaye hakuimbwa hivyo, na huyo ndiye aliyekuja kuwa tegemeo. Hakuna fundi anayejua mbegu ipi itaota. Ndiyo maana zinapandwa nyingi, na zote zinamwagiliwa maji.

Kuna Mwafrika mwenzetu anaijua habari hii kuliko mtu yeyote. Anaitwa Gift Ngoepe, wa Afrika Kusini. Alikulia kwenye jengo la klabu ya besiboli huko Randburg, ambako mama yake alifanya kazi ya usafi. Pittsburgh Pirates walimsaini mwaka 2008. Akakaa ligi ndogo karibu miaka tisa, anapanda daraja, anashuka, anapanda tena. Tarehe 26 Aprili 2017, siku ya Muungano tena, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Zamu yake ya kwanza tu akapiga mpira safi dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs! Sasa jiulize: angepewa siku tisini, tungemjua?

Najua unataka kujua ya Holliday yaliishaje. Tarehe 31 Julai 2024 akapandishwa tena. Siku hiyohiyo, nyumbani dhidi ya Toronto, vituo vyote vikiwa vimejaa wenzake, akapiga homurani. Alama 4 kwa mpigo mmoja! Mimi nilikuwa jikoni kwa shangazi nasikiliza redio, simu ikalia. Dogo wa Bukavu. Alikuwa ameshapata kibarua cha kuosha magari, na redio ya pale ilikuwa kwenye mechi ileile. "Yaya! Ule mutoto alirudia!" Anapiga kelele mpaka nikatoa simu sikioni. Nikamuuliza na wewe je, utarudi? Akacheka tu, akasema magari yamepanga foleni.

Sitaki kukudanganya kwamba Holliday alitesa kuanzia siku hiyo. Alimaliza mwaka 2024 akiwa amefanikiwa chini ya mara 2 katika kila zamu 10. Mwaka 2025 akacheza karibu msimu mzima na kupiga homurani 17, huku timu yenyewe ikishuka, ikishinda mechi 75 tu na kumfukuza kocha wake mwezi Mei. Kwa hiyo mabishano yanaendelea, na Babu amerudia hadithi zake. Kujenga timu upya hakuna cheti cha kuhitimu. Waulize White Sox wa Chicago, nao walianza kujenga upya mwishoni mwa 2016, na mwaka 2024 wakafungwa mechi 121.

Nimalizie nyumbani, maana najua huko nako yosso tumejaa. Kwenye soka tunalielewa jambo hili vizuri. Yosso wa Simba au Yanga akikosa namba anatolewa kwa mkopo, anakwenda timu ndogo mkoani, anacheza, anarudi na mwili umekomaa. Hatusemi ametupwa. Mbona kwenye maisha ya kawaida hatuna mkopo? Mtoto akipata sifuri kidato cha nne, nyumba nzima inamtazama kama amefariki. Dada wa saluni akiunguza nywele za mteja mmoja, kesho asionekane. Tangazo la kazi linataka kijana wa miaka 25 mwenye uzoefu wa miaka mitano. Aliupatia wapi huo uzoefu, tumboni?

Wewe mwenye gereji, mwenye duka, mwenye ofisi, sikuombi umvumilie kila anayekuharibia. Biashara si sadaka, na jamaa wa Dominika alinifundisha kwamba kumwacha mtu aaibike kila siku si wema. Mshushe. Mtoe kwenye injini, mpe matairi. Mtoe kwenye mkasi, mpe kuosha nywele. Mwambie kabisa umemshusha, na mwambie lini utamtazama tena. Kabla hujatamka "kesho usije", angalia kama hakuna hatua arobaini pembeni yako mahali ambapo mkono wake ungefaa.

Na wewe yosso mwenzangu uliyeshushwa juzi, ukapewa kazi ndogo kuliko ile uliyoitamba kwa washikaji, usione soo. Angalia kwanza kama pale uliposhushiwa kuna kocha na kuna mechi kesho. Vikiwapo, tulia hapo ucheze. Visipokuwapo, tafuta pengine mapema, maana hapo hujashushwa, umetupwa, na ni vizuri kujua tofauti.

Haya, maboksi yananiita. Tukijaliwa, wiki ijayo.